Kumbukumbu za Kikao

Katibu amevunjikiwa miwani, kalamu nimepewa mimi,
Eyotaru wa kidato cha tatu, kwa kuwa hati yangu inasomeka.
"Uandike tu," kaniambia mwenyekiti, "usichangie."
Basi naandika.

Ukumbi wa parokia, Koboko, Jumamosi baada ya mvua.
Saa nne iliyotangazwa imefika saa sita.
Waliohudhuria, wengi. Waliopata pa kukaa, nusu,
maana mabenchi mengine yako msibani kwa Lemeriga.

Ajenda ni moja: chakula cha mchana.
Serikali italeta chaki, italeta mishahara siku ikijaliwa,
lakini tumbo la mtoto ni la mzazi wake.
Hivyo asema Mwalimu Onzima, waraka kaushika mbali na uso
kama mtu anayesomewa deni la ndugu yake.
Kilo kumi za mahindi, tano za maharage,
elfu kumi na tano ya kuni na mpishi,
kila muhula, kila kichwa.
Asiyeleta, mwanawe asipange foleni.

Mzee Khemis wa mashine ya kusaga anasimama.
"Sheria ni msumeno," asema, "hukata mbele na nyuma.
Ukimlisha mmoja bure, kesho hata mimi naleta debe tupu."
Naandika: Mzee Khemis ameunga mkono hoja.
Siandiki mahindi hayo yatasagwa wapi.
Hilo halikusemwa.

"Msumeno gani huo," auliza Driciru muuza mihogo,
"meno yote yako upande wetu?
Nina watano pale. Zidisheni.
Ninyi mmesoma, zidisheni."
Midomo inacheza ukumbi mzima, kimyakimya.
Jibu hakuna aliyelitamka,
kwa hiyo katika daftari hili halimo.

Dirishani, kijana wa bodaboda, kofia ya chuma mkononi:
"Sisi hatukuacha shule asubuhi, wazee.
Tuliacha mchana."
Mwenyekiti: dirisha halina hoja.
Nimeandika hivyo hivyo. Dirisha halina hoja.

Kuna ambayo kalamu inayapita.
Kengele ya saa saba, sahani zikianza kugongana,
sisi wa kando tunakwenda kwenye tangi,
tunakunywa maji na kubishana mpira kwa sauti kubwa,
kubwa kuliko mpira wenyewe,
tusisikie vijiko.
Poni hunifichia bonge la posho ndani ya mkebe wa bikari.
Lina ladha ya penseli.
Muhula uliopita yeye mwenyewe alianguka kipindi cha fizikia,
wakasema malaria.
Malaria ni jina la heshima.

Kura kwa mikono.
Nasimama juu ya kiti nihesabu vizuri.
Ishirini, thelathini na tisa, hamsini,
na pale nyuma, karibu na mlango, mkono naujua,
una kovu la sufuria, blauzi imefumuka kwapani:
mama.
Juu kabisa, umenyooka,
pamoja na wenye maghala.
Macho yake yako ukutani, kwenye kalenda ya mwaka juzi.
Jana usiku tulikoroga uji wa watu wanne kwa kikombe kimoja cha unga.

Mkono ni mkono.
Nauhesabu.
Sitini na mmoja wanaunga mkono, arobaini na wanane wanapinga.
Hoja imepita.

Wanatoka wakitafuta viatu vyao matopeni,
mwenyekiti anakuja na kalamu yake ya wino wa kijani.
"Umemaliza?"
Nimemaliza.
Anatia sahihi chini bila kusoma, anapuliza wino ukauke.

Mengineyo, nimeandika, kwa hati inayosomeka:
kikao kijacho kifanyike siku ya shule, saa saba mchana,
kwenye tangi la maji.
Tuko thelathini na wanne.
Tangi linavuja upande wa kushoto, wajumbe waangalie viatu.